Mvua ya Krismasi Isiyoandikwa

Dereva alizima injini pale lami inapoachana na njia ya kijijini, akashuka, akaegemea boneti.

"Mimi bondeni siteremki leo."

Ilikuwa tarehe 24 Desemba, saa nane na ushee mchana, na jua lilikuwa linachoma. Tulikuwa tumetoka Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, kwenye mchomoko, yale magari madogo ya abiria, tumebanana kama ilivyo kawaida ya siku hizo: mifuko ya mchele, kreti za soda, kuku waliofungwa miguu, na mtoto aliyepakata boksi la viatu vipya akikataa kabisa kumwachia mtu. Mbele yetu kilibaki kile kipande cha udongo mwekundu kinachoshuka hadi mtoni, kinavuka daraja dogo la magogo na kupanda ng'ambo ya pili. Kwa gari ni robo saa tu.

Mama mmoja akamuuliza, "Mvua yenyewe iko wapi, mwanangu?"

Dereva hakutazama juu. Alinyoosha kidevu kuelekea milima ya upande wa Burundi, ambako wingu moja zito lilikuwa limekalia mgongo wa mlima. "Ile ikishuka kule, mama, mto unajaa hapa hata kama hatujaona tone."

Abiria wakaja juu. Kuna aliyesema waziwazi kwamba jamaa anataka kuwahi Mwandiga kuchukua vichwa vingine wakati nauli ya mkesha bado iko juu. Maneno hayo yaliniingia, maana yaliwezekana kabisa. Tukajitwisha mizigo, tukateremka kwa miguu.

Tulipovuka, maji yalikuwa chini ya magogo, yametulia. Kabla ya magharibi yalikuwa juu ya daraja, mekundu, yakisukuma mashina ya migomba. Kijijini kwetu hapakuwa pamenyesha zaidi ya manyunyu. Waliofika njia panda baada yetu walilala dukani ng'ambo, na Krismasi ikawakutia huko huko.

Sikukuu zikaisha, nikarudi kazini mjini Kigoma, wiki zikapita. Swali halikuondoka.

Yule kijana alisoma mlima, au alisoma nauli?

Mpwa wangu na bonde lake

Usiku wa mkesha, mtandao uliporudi, nilikuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwa wangu anayesoma Innsbruck, Austria. Alikuwa anatutakia heri, lakini nusu nzima ya ujumbe ilikuwa habari za hali ya hewa.

"Mjomba, huku hakueleweki," alisema. Mji ulikuwa umefunikwa na ukungu baridi siku kadhaa, watu wanatembea kama jioni mchana kutwa. Siku moja yeye na wenzake wakapanda gari la kamba hadi mlimani, wakakuta jua kali na anga safi, na chini yao bonde zima limezama kwenye weupe. Kisha usiku mmoja ukavuma upepo wa joto, theluji ikayeyuka mapaani, asubuhi maji yanatiririka mitaani. Kesho yake theluji tena.

Nilipotafuta kuuelewa mji wake nilikuta jambo ambalo sikulitarajia: Innsbruck iko chini kuliko uso wa Ziwa Tanganyika. Mji ule uko kwenye mita 574 kutoka usawa wa bahari, na ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi. Kinachoufanya kuwa mji wa milimani ni kuta zilizousimamia pande zote, zinazopita mita 2,000.

Na kuta hizo ndizo zinazoleta vurugu yote. Majira ya baridi, usiku mrefu huipoza ardhi, na hewa iliyopoa ni nzito. Inateleza mabegani mwa milima na kutuama chini. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, na ya chini haina pa kutokea. Ndiyo maana aliyeko juu anaota jua wakati aliyeko mjini anakohoa ukungu. Ule upepo wa joto nao wanauita Föhn. Hewa inapanda milima kutoka upande wa Italia, mara nyingi inaacha unyevu wake huko huko, kisha inapita kwenye mapengo kama Brenner, kwenye mita 1,370 hivi, na kushuka ikiwa kavu. Hewa kavu inaposhuka hupata joto la karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ikifika bondeni ni kama majira mengine yameingia bila hodi.

Watu wa Ulaya ya kati wana kumbukumbu ndefu ya joto linalokuja wiki ya Krismasi na kuharibu theluji waliyoisubiri. Wana kumbukumbu mbaya zaidi pia. Tarehe 26 Desemba 1999, wakati familia ziko mapumzikoni, dhoruba iliyopewa jina la Lothar ilipita Ufaransa, Uswisi na kusini mwa Ujerumani ikaangusha misitu mizima. Siku moja tu baadaye ikaja nyingine, Martin.

Lakini kilichonikaa ni kitu kidogo alichokisema mpwa wangu mwishoni, kama jambo la kawaida. Kila jioni saa 11 hutoka taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa siku inayofuata. Haisemi tu "mkoa wa Tirol", ule wenye Innsbruck. Inasema eneo fulani la milima, juu ya mwinuko fulani, miteremko inayotazama upande fulani, hatari ni ya ngazi ya ngapi kati ya 1 na 5. Tangu 2018 Tirol ya Austria huitoa pamoja na majirani zake wa upande wa Italia, kwa kuwa milima ni ile ile pande zote mbili za mpaka.

Nikamjibu kwa swali moja: hata kesho, Krismasi yenyewe?

"Hata kesho, mjomba."

Baadhi ya maeneo

Tangu hapo nikaanza kusikiliza utabiri wa redioni kwa sikio jingine.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua kwa kanda, na Kigoma ni mkoa mgumu kwa mtindo huo. Kakonko na Kibondo, kule kaskazini, huhesabiwa pamoja na maeneo ya misimu miwili, yenye vuli na masika. Sisi wengine tuko kwenye msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Mkoa mmoja, kalenda mbili. Juu ya hapo weka mwinuko: ukiwa Ujiji uko usawa wa ziwa, na ukipanda kuelekea Kasulu na Buhigwe unafika sehemu zinazopita mita 1,500. Mtu wa Kibirizi analala bila shuka, ndugu yake wa Heru Juu anatafuta blanketi la pili.

Desemba ukanda wa mvua unakuwa umeshuka kusini na kutufunika. Unyevu unatujia kutoka mashariki na pia kutoka misitu ya Kongo, kuvuka ziwa. Mchana miteremko inapata moto, hewa inapanda, inapoa, inakuwa wingu, na ngurumo zinaanzia kule juu huku mjini watu wanaanika nguo. Usiku mambo yanageuka: hewa baridi inashuka kuelekea ziwani, ambako maji bado yana joto, na mvua nyingine inazaliwa juu ya ziwa ikiwakuta wavuvi kwenye taa zao. Ukivuka ziwa kuelekea kaskazini-magharibi, huko Kivu Kusini, kuna Kabare, ambayo utafiti wa satelaiti uliotolewa 2016 uliiweka ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Hatukai mbali na tanuri hilo.

Na ziwa lenyewe limeshatufundisha kuhusu mwezi huu. Desemba 2014 meli ya MV Mutambala ilizama upande wa Kongo, ikiwa imejaza kupita kiasi na upepo ukiwa mkali, na zaidi ya watu 120 wakafa. Nikimwona mtu anapanda boti la mizigo mkesha wa sikukuu kwa sababu tu amewaahidi watoto, moyo hunienda mbio.

Simlaumu mtabiri. Akisema "mvua za ngurumo katika baadhi ya maeneo," anasema kweli, na karibu kila mara inatokea hivyo.

Shida ni ya aliyesimama njia panda na kreti ya soda kichwani, anayetaka kujua kama leo bonde lake ni moja ya hayo maeneo.

Mama na jirani yake

Kabla sijaondoka kijijini nilimuuliza mama. Ana miaka mingi akiutazama mlima ule ule kutoka baraza ile ile, na siku zile alikuwa anautazama kwa wasiwasi, maharage yako kwenye turubai na yanahitaji siku chache tu za jua mfululizo. Desemba kwetu ni hivyo: mvua unayoiombea mahindi ndiyo hiyo hiyo inayoozesha maharage.

Mama alisema wingu likikaa mlimani bila kusogea hadi adhuhuri, hiyo inanyesha, usibishane nayo.

Jirani yetu, mzee anayelima karibu na mto, alikuwa amepita kutusabahi. Akatikisa kichwa. Kwake yeye wingu linalokaa halina kitu. La kuogopa ni linalotembea chini chini kufuata bonde.

Wakabishana kwa heshima, wakicheka kidogo, wala hakuna aliyemshinda mwenzake. Mimi nilibaki na wasiwasi. Nimelelewa nikiamini kwamba wazee wanajua, na hapa walikuwepo wazee wawili, mlima mmoja, na majibu mawili.

Nililifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Sasa naamini kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Mama anaishi juu kwenye mteremko na anachokitaka ni kujua kama turubai litaloa. Mzee anaishi chini na anachokitaka ni kujua kama mto utaingia shambani. Mvua ya mama na mvua ya mzee zinaweza kuwa siku tofauti kabisa. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini kwenye mabonde inabidi useme ni wingu lipi, limekaa juu ya nani, na maji yake yatapita wapi.

Kisha wote wawili wakakubaliana jambo moja, na hapo ndipo niliposhindwa kuwafuata: kwamba Krismasi za zamani zilikuwa kavu, za sasa zimeharibika. Nilitaka kuwaamini. Nikajiuliza tu, tungejuaje?

Daftari

Mwezi Januari nilisikia kuna shule upande wetu yenye kipima mvua, nikaenda. Kiko ndani ya kiuzio kidogo cha waya, kimenyooka, nyasi zimefyekwa pembeni. Mwalimu anayekitunza alinipokea vizuri sana, akanifungulia kabati na kunipa daftari.

Mwandiko wake ni wa kupendeza. Kila siku, saa tatu asubuhi, anapima maji yaliyoingia kwa saa 24 zilizopita na kuandika kwa milimita. Siku kavu ameweka 0.0, hakuacha wazi, kwa sababu siku kavu nayo ni habari. Alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukitafakari: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tulipiga hesabu pamoja. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu si ya ajabu, inamwaga lita zaidi ya 160,000 kwenye ekari moja. Fikiria mlima mzima wa ekari kama hizo, miti imeshaondoka, mashamba ya mihogo yameinama kuelekea mto mmoja wenye daraja la magogo.

Oktoba ilikuwa imejaa. Novemba imejaa. Nikafunua Desemba.

Wiki ya kwanza ilikuwepo. Baada ya hapo hakuna.

Nikarudi mwaka wa nyuma yake. Vile vile. Na ule wa kabla ya huo. Kila mwaka kalamu inawekwa chini mwanzoni mwa Desemba na kuchukuliwa tena shule zinapofunguliwa Januari.

"Tunafunga," mwalimu akasema kwa upole. "Na mimi kwetu ni Tabora. Nakwenda kuwaona wazazi."

Nikamuuliza maji anayoyakuta kwenye kipima anaporudi anayafanyaje. Huyamwaga. Mvua ya siku nyingi zilizochanganyika huwezi kuipangia tarehe, akasema, na kuandika namba asiyoijua siku yake ni uongo. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo. Kazi yenyewe anaifanya kwa kupenda, halipwi senti.

Lakini nilitoka pale nimeishiwa nguvu.

Mvua ya Krismasi haipo. Imenyesha, imejaza mito, imelaza watu dukani, imeozesha maharage, na kwenye karatasi haipo. Wiki ambayo barabara zetu zinajaa kuliko wiki nyingine yoyote ndiyo wiki ambayo bonde halina mwandishi, na sababu ni ile ile moja: kila mtu amekwenda kwao. Hata sisi Waislamu na Wakristo wa mkoa huu, ambao sikukuu zetu hazifanani, Desemba tunasafiri pamoja kwa sababu watoto wamefunga shule.

Kwa hiyo mama anaposema Krismasi za zamani zilikuwa kavu, hakuna wa kumwambia ndiyo wala hapana.

Shaka yangu kuu

Rafiki mmoja niliyemsimulia alinibana vizuri. Kipima mvua, alisema, kinakuambia asubuhi kile kilichokwisha kunyesha. Dereva wako hakuhitaji daftari. Aliangalia mlima akaamua. Namba zingemsaidia nini?

Sikuwa na jibu, na kwa siku kadhaa nilidhani hoja yangu imekufa.

Nikarudi kwenye habari za kule kwa mpwa wangu. Ile taarifa ya kila jioni haikuanza na kompyuta. Huko Austria kuna kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Sonnblick, kwenye mita zaidi ya 3,100, kinachofanya kazi tangu 1886. Uswisi, pale Davos, wamekuwa wakichunguza theluji tangu miaka ya 1930. Leo mtu wao akisema "kesho mteremko huu ni hatari," nyuma yake kuna wapimaji wa vizazi waliotoka kwenye baridi na kuandika, sikukuu au si sikukuu. Na pamoja na hayo yote, tarehe 23 Februari 1999 poromoko la theluji liliua watu 31 katika kijiji cha Galtür, huko huko Tirol. Kuandika hakuzuii mlima. Kunampa anayekuja baadaye mahali pa kuanzia.

Ndipo nikaamua kumtafuta dereva.

Nilimkuta Mwandiga anasubiri gari lijae. Alinikumbuka. Nikamuuliza bila kuzunguka: siku ile ulitukatalia kwa sababu ya mto, au ulitaka kuwahi kichwa?

Akacheka, kisha akawa makini. "Mzee, yote mawili. Nilirudi nikapata abiria, sikatai. Lakini hata ningekosa nisingeshuka."

Akanieleza. Mwaka mmoja alinaswa ng'ambo ya mto na gari la watu, akakaa huko hadi maji yaliposhuka, na tajiri akamkata hesabu ya siku zote. Tangu hapo anautazama mnara wa simu ulio juu ya mlima. Wingu likiuficha mnara kabla ya saa nane mchana, hashuki. Likiuficha baada ya saa kumi, anashuka na kurudi haraka. Katikati ya hapo, anapiga simu kwa mwenye duka.

Nilisimama pale stendi nikiwa na furaha ambayo ni vigumu kuieleza. Hii haikuwa dalili ya jumla jumla. Ina mahali, ina saa, na inaweza kupimwa ikaonekana kama ni kweli au la. Mama na yule mzee hawakuwa na mnara wa kuwaamulia; huyu kijana anao. Na hakuna popote palipoandikwa, isipokuwa kichwani mwa mtu ambaye mwakani anaweza kuhamia njia ya Uvinza.

Tulichokubaliana

Nimezungumza tena na mwalimu. Desemba ijayo ataacha ufunguo wa kiuzio kwa kijana wa kidato cha tatu anayeishi jirani na shule, ambaye amekwishaanza kujifunza kusoma kipima. Nyumbani kwa mama tumeweka kopo lenye kuta zilizonyooka wima, mahali pasipo na mti wala paa, na rula. Kopo la namna hiyo ukipima kina cha maji kwa milimita, umepata milimita za mvua. Halina usahihi wa kile cha shuleni, lakini liko upande wa pili wa bonde, na hilo nalitaka.

Tutaandika vitu vitatu kila siku: saa ambayo mnara umefichwa na wingu, milimita za saa tatu asubuhi, na saa ambayo maji yamepita juu ya magogo kama yamepita. Mwenye duka ng'ambo amekubali kushika hiyo ya tatu, kwa kuwa yeye ndiye anayelaza watu.

Mama ameomba tuongeze safu ya nne: siku alizoweza kuanika maharage. Tumeiongeza.

Najua kuna wasomaji wangu wa Munzeze, Manyovu, Kalinzi na kwingine huko juu. Kama baba au babu yako alikuwa na daftari la mvua la misheni, la shamba la kahawa au la nyumbani tu, na ndani yake kuna Desemba iliyojazwa hadi tarehe 31, nakuomba usilichomee jikoni. Niandikie hapa chini. Nitakuja kulinakili mwenyewe, na nitalirudisha.